Taka Zinazochemsha Chai

Hotuba kwa Watu wa Kitengela na Kajiado



Leo nataka kusema nanyi juu ya kikombe cha chai na moto unaokichemsha. Chai haistawi katika nchi kavu ya Kajiado. Hutoka Kericho, Limuru na sehemu nyingine zenye mvua nyingi. Lakini tangu maduka ya Kitengela hata maboma ya Namanga, ni nyumba gani isiyoinywa?

Basi yafaa tujue kwamba kikombe kile kimekula moto mara mbili. Mara ya kwanza ni kiwandani. Huko majani mabichi yapatayo kilo nne na nusu hukaushwa hata ikabaki kilo moja tu ya chai, na viwanda vingi hutumia kuni kwa kazi hiyo. Mara ya pili ni jikoni kwetu, juu ya kuni au makaa; na hapa kwetu makaa ni migunga iliyokatwa.

Viwanda vya chai vina funzo moja la kutupa. Nyuzi na vumbi la majani lililofagiliwa chini huweza kuozeshwa likawa mbolea, au kushindiliwa kwa mashine likawa vipande vya kuwashia moto. Majivu ya kuni nayo huweza kurudishwa shambani. Kinachoitwa taka ni mali iliyopotea njia. Sasa tujiulize: taka yetu sisi ni ipi?

Taka yetu ni ya ng'ombe. Kila mnyama anapochinjwa huacha damu, samadi ya tumboni, na maji machafu ya kuoshea. Vitu hivi vikimwagwa mtoni huoza, na katika kuoza hula hewa iliyomo majini, hata samaki wakafa na maji yakanuka. Mto Kiserian huingia Mbagathi. Mbagathi hupita karibu na Kitengela, kisha huwa mto Athi. Na Athi, ukiisha kubadili jina ukaitwa Galana na Sabaki, huingia baharini karibu na Malindi. Amwagaye uchafu juu humnywesha jirani asiyemjua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Dawa ya jambo hili haiko mbali. Pale Kiserian, katika jimbo hili hili la Kajiado, yako machinjio ya Keekonyokie, yaliyoanzishwa na Wamaasai katika miaka ya 1980. Uchafu ulipozidi kuwa mzigo, wenyewe walijenga mtambo wa kugeuza samadi na taka za machinjio ziwe gesi ya kupikia. Hawakukoma hapo. Walijaribu pia kuisafisha gesi hiyo na kuishindilia katika mitungi, hata katika matairi makuukuu ya magari, ili iweze kuchukuliwa mpaka majikoni.

Kazi ya mtambo si uganga. Taka na maji huingizwa katika shimo lililojengwa na kufunikwa sana, hewa isipate kuingia. Ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho huzila taka na kutoa gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huitwa metheni, nayo ndiyo inayowaka. Kabla ya kutiwa mitungini hupitishwa katika maji na vipande vya chuma, ili kuondoa hewa isiyowaka na harufu ya mayai yaliyooza. Tope linalobaki hutolewa likawa mbolea ya shamba. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini hapa uozo wenyewe ndio akiba.

Huenda mzee mmoja akauliza, "Mbona kila boma lisiwe na mtambo wake?" Swali hilo ni la haki. Samadi huchanganywa na maji kwa kipimo kilicho sawa, ndoo kwa ndoo. Mama anayekwenda mbali kuteka maji hawezi kuyamimina shimoni, na ng'ombe wanaohama kutafuta malisho hawaachi samadi mahali pamoja. Katika ukame wa mwaka 2020 hata 2023 wengi walipoteza mifugo yao. Mtambo wa boma ungalilala njaa pamoja na wenyewe. Lakini machinjioni samadi huja kila siku, na maji ya kuoshea yamekwisha kutumika. Kwa hiyo mtambo mmoja mkubwa wa machinjio wafaa kuliko mia midogo iliyokauka. Mwenye ng'ombe wawili watatu wa kufugia zizini, aliye na maji karibu, huyo na ajenge wake.

Nawaonya kwa jambo moja. Gesi hii huwaka na huua. Mtu asiingie katika shimo la mtambo, hata likiwa tupu, bila fundi anayejua kazi; wala asilete moto penye harufu ya gesi.

Wenye hoteli za Kitengela nao wana sehemu yao. Majani ya chai yaliyochujwa, maganda na makombo yasitiwe pamoja na chupa na plastiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kanuni za Ubora wa Maji nazo zakataza kuuchafua mto. Lakini sheria peke yake haisafishi mto. Ni mkono wa mtu unaotenga na kuzuia.

Wazee wangu, Mmaasai hakuwa na desturi ya kumtupa ng'ombe. Ngozi ilikuwa kitanda, pembe ilikuwa chombo, na samadi mama waliikandikia nyumba. Mtambo huu haukuleta akili ngeni. Umeongeza kazi moja tu katika kazi za zamani. Basi siku utakapoona mwali wa buluu chini ya sufuria ya chai, ujue kuna mgunga mmoja ambao haukukatwa, na kuna mtu wa chini ya mto aliyekunywa maji yake kwa salama.