Njia Ikihama, Kituo Kitakula Nini?
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya Makueni na Kitui)



Leo tuongee juu ya vituo vya barabara ya Mombasa: Sultan Hamud, Emali, Kiboko, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Wengi wenu mnauza huko machungwa, asali na viondo. Kuna watoto waliosomeshwa na beseni la maembe. Kwa hiyo hili si jambo la historia tu, ni jambo la mfuko.

Hebu tuulize, vituo hivi vilitoka wapi? Kabla ya reli, Wakamba wenyewe ndio walikuwa wasafiri. Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851, alipeleka pembe za ndovu mpaka pwani. Misafara ilipumzika penye maji. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Nayo ilitafuta maji, maana injini ya mvuke inakunywa kushinda ng'ombe! Makindu ikawa kituo kikubwa cha reli, na Masingasinga waliofanya kazi hapo wakajenga hekalu lao mwaka 1926. Baadaye magari yakaongezeka. Kule Kiboko, mwindaji John Hunter akajenga hoteli karibu na chemchemi. Mtito Andei iko karibu katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, basi likifika hapo abiria ana njaa.

Mnaona? Kila kituo kilizaliwa na haja ya msafiri. Lakini haja hubadilika. Injini za dizeli zilipokuja, maji ya Makindu hayakuhitajika tena. Mwaka 2017 ikaja reli mpya ya SGR. Mwaka 2019 serikali ikaagiza mizigo ya bandari ibebwe kwa reli hiyo, watu wa Mombasa wakaandamana, na mwaka 2022 serikali mpya ikageuza mambo. Sisi tulio njiani hatukuulizwa. Na lori moja lisipolala, mama wa chapati, mwenye chumba na fundi wa magurudumu wote wanalala njaa.

Sasa tazameni lile hekalu la Makindu. Injini za mvuke zilikwenda, lakini wasafiri bado wanaacha barabara na kuingia pale. Kwa nini? Wanajua watapata chai, chakula na mahali pa kulala bila kulipishwa, wa dini yoyote, na watapokewa kwa heshima. Sisi hatuwezi kugawa bure, tunatafuta riziki. Lakini tunaweza kumpa msafiri sababu ya kusimama kwetu.

Kwanza, tuache kukimbilia mabasi. Ni hatari, na watoto wanatuiga. Kikundi kijenge kibanda kando ya barabara, chenye kivuli, choo safi na bei moja.

Pili, tusiuze wote kitu kimoja. Maembe yakijaa bei inaanguka, basi mengine tuyakaushe tuyauze msimu ukiisha. Asali ichujwe vizuri. Mteja akidanganywa na asali ya sukari mara moja, harudi, na anawaambia wenzake.

Tatu, tusitegemee basi peke yake. Tafuteni wateja wasiopita: shule, hospitali, soko la Wote au Kitui mjini.

Nne, ninyi wa Kitui, amkeni. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui sasa ina lami. Pale Ikutha na Mutomo vituo vinakua tukiangalia. Msipoanza ninyi, ataanza mgeni mwenye pesa, nanyi mtaajiriwa kuosha vyombo.

Mababu zetu walifanya mwethya kulima shamba na kuchimba bwawa. Kibanda cha barabarani nacho ni kazi ya mwethya.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Magari yakipungua nusu kesho, kikundi chetu kitaishi kwa nini?
2. Ni kitu gani msafiri hawezi kupata isipokuwa kwetu?
3. Nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao?