Mzee Asikilizwe, na Jibu Lisicheleweshwe



Tumekutana kuzungumzia jambo lionekanalo dogo machoni pa wakubwa, lakini kwa mnyonge ni chakula cha jioni. Mzee akiondolewa katika orodha ya wanaopokea msaada wa serikali, naye akakata rufaa, je, aitwe ajieleze kwa mdomo hata kama siku zitapita, au shauri liamuliwe upesi kwa karatasi pekee?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Katiba yetu ya mwaka 2010 imezibeba hekima zote mbili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kifungu cha 47 kinataka hatua za kiutawala zichukuliwe upesi na kwa haki. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho inampa mwananchi nafasi ya kufika mwenyewe na kusikilizwa, tena inaagiza rufaa iliyo chini yake iamuliwe katika siku 90.

Siku 90 ni nyingi kwa mtu anayetazamia shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mpango wa Inua Jamii ulianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018. Hata hivyo, faili halisemi yote. Kuna wazee waliozaliwa pasipo cheti, na mwaka ulio katika vitambulisho vyao ni wa kukisia. Ushahidi wao ni kauli yao na ya majirani.

Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg na Kelly, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba msaada wa maskini usikatwe kabla mpokeaji hajasikilizwa. Mwaka 1976, katika kesi ya Mathews na Eldridge, mahakama hiyo hiyo iliruhusu malipo ya ulemavu yasimamishwe kwanza, kwa kuwa ushahidi wake hutegemea zaidi ripoti za madaktari. Funzo tunalopata ni hili: tuulize kwanza ukweli wa shauri unapatikana wapi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, penye ubishi juu ya umri au hali ya mtu, asikilizwe karibu na kwake, kwa lugha aijuayo. Pili, penye hesabu tu, karatasi zitoshe, mradi mwenyewe aridhie. Tatu, malipo yaendelee hadi uamuzi utolewe. Hapo gharama ya kuchelewa itaiangukia serikali badala ya mzee, nayo itaona faida ya kuharakisha.

Haki haiombwi kama sadaka. Tuidai pamoja.