Kipaji, Kijiwe na Hukumu: Mashabiki Wanavyojadili Maisha ya Mchezaji Kijana Nje ya Uwanja

Mada kwa semina ya waandishi, watangazaji na wachambuzi wa habari za michezo

Utangulizi

Kijiwe chochote cha soka, kiwe cha kahawa Kariakoo au cha bodaboda Kisumu, kina kesi isiyofungwa: kijana aliyekuwa moto wa kuotea mbali, ghafla kiwango kikaporomoka, na kila mtu ana sababu yake. Mmoja atasema pesa zimempanda kichwani. Wa pili atalaumu starehe na marafiki. Wa tatu atamtetea na kumtupia lawama kocha. Hatakosekana wa nne atakayeapa kwamba dogo kaendewa kwa mganga.

Mada hii inayachunguza mabishano hayo kupitia mchezaji mmoja, Dele Alli. Mashabiki wa Ligi Kuu ya England, wakiwamo wanaojazana kwenye mabanda umiza ya Afrika Mashariki kila wikiendi, wamemjadili kwa miaka mingi. Kesi yake inafaa kwa sababu ushahidi uliokuwa umekosekana ulikuja kutolewa na mwenyewe, hadharani, wakati kijiwe kilikuwa kimeshatoa hukumu.

Inayotetewa hapa ni hoja moja. Shabiki ana haki kamili ya kuhoji kiwango cha mchezaji, maana anakiona kwa macho yake. Akitaka kueleza sababu za kiwango hicho, anaingia mahali ambapo macho yake hayafiki na anategemea analoletewa na sisi wa vyombo vya habari. Kijiwe kikipotoka hapo, mara nyingi chanzo ni studio na dawati la michezo.

Kijana wa Milton Keynes

Dele Alli alizaliwa Aprili 11, 1996 mjini Milton Keynes, baba Mnigeria na mama Mwingereza. Akiwa na miaka 11 aliingia akademi ya MK Dons, na Novemba 2012 akacheza mechi yake ya kwanza ya kikosi cha wakubwa akiwa na miaka 16 tu. Agosti 2014 alikuwa uwanjani MK Dons walipoichapa Manchester United ya Louis van Gaal mabao 4-0 katika Kombe la Ligi. Februari 2015 Tottenham Hotspur ikamsajili kwa ada ya kuanzia pauni milioni 5. Mwaka mmoja baadaye bei hiyo ilionekana ya kutupa.

Novemba 2015, kwenye uwanja wa Wembley, aliifunga Ufaransa kwa shuti la mbali lililompita Hugo Lloris, nahodha wake mwenyewe klabuni. Januari 2016 aliifunga Crystal Palace bao ambalo bado linarudiwa kwenye skrini: aliudokoa mpira juu ya beki, akageuka, akaupiga kabla haujagusa chini. Msimu wa 2016/17 alifunga mabao 18 ya ligi. Tuzo ya Mchezaji Bora Kijana ya chama cha wachezaji wa kulipwa wa England, PFA, aliichukua mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Novemba 2017 aliifunga Real Madrid mabao mawili usiku mmoja. Julai 7, 2018, mjini Samara, bao lake la kichwa dhidi ya Sweden liliisaidia England kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Alikuwa na miaka 22. Kutoka hapo ngazi ilianza kushuka.

Majeraha yalimwandama. Novemba 2019 Mauricio Pochettino, kocha aliyemlea, alifukuzwa na José Mourinho akachukua nafasi. Januari 2022 Alli aliondoka Tottenham akiwa na mechi 269 na mabao 67, akaenda Everton bila ada ya awali. Everton alicheza mechi 13 na hakufunga hata bao moja. Agosti 2022 akapelekwa Beşiktaş ya Uturuki kwa mkopo.

Mashtaka matatu ya kijiweni

Shtaka la kwanza lilikuwa uvivu, na kithibitisho kilionekana kupatikana mwaka 2020, filamu ya Amazon kuhusu msimu wa Tottenham ilipomwonyesha Mourinho akimweleza kijana huyo waziwazi kwamba ni mvivu mazoezini. Kipande hicho kilisambaa dunia nzima. Kuanzia hapo, kila mpira alioupoteza ulipata maelezo tayari: kocha wake mwenyewe alishasema.

Shtaka la pili lilikuwa starehe. Mavazi, magari, mahusiano na safari zake viliandikwa kama habari za michezo. Alipotambulishwa kwa mashabiki wa Everton pale Goodison Park Februari 2022, nguo zake pana zilizua mjadala kabla hajagusa mpira. Hata tukio la Mei 2020, alipovamiwa nyumbani kwake London na majambazi wenye visu, kuna waliolisimulia kama sehemu ya hadithi ya utajiri wa mapema.

Shtaka la tatu lilikuwa jeuri, na hili lilikuwa na kumbukumbu rasmi. Februari 2020 alirusha video yenye mzaha kuhusu virusi vya korona, ikimlenga mtu mwenye asili ya Asia. Aliomba radhi, lakini Juni mwaka huo Chama cha Soka cha England kilimfungia mechi moja na kumtoza faini ya pauni 50,000.

Kuna jambo lilikuwa wazi mbele ya kila mtu na halikupewa uzito. Kuanzia msimu wa 2016/17 aliacha kuvaa jina Alli kwenye jezi akaandika Dele, akieleza kwamba hakuhisi uhusiano na jina hilo la ukoo. Kijana wa miaka 20 anapolikataa jina la ukoo wake mbele ya dunia, swali linalofuata ni kuhusu malezi. Wengi waliliona kama suala la jezi mpya na mauzo ya dukani.

Julai 2023

Julai 13, 2023 yalirushwa mahojiano yake na Gary Neville, beki wa zamani wa Manchester United. Alisimulia kwamba akiwa na miaka 6 alidhalilishwa kingono na mtu aliyekuwa rafiki wa mama yake. Alipelekwa Afrika akafundishwe adabu, kisha akarudishwa. Akiwa na miaka 7 alianza kuvuta sigara, na akiwa na miaka 8 alikuwa akiuza dawa za kulevya. Alisimulia pia jinsi mwanaume mmoja alivyomning'iniza darajani akiwa na miaka 11. Alipofika miaka 12 alichukuliwa na familia nyingine, ambayo aliizungumzia kwa shukrani kubwa.

Alieleza pia kwamba alikuwa mraibu wa dawa za usingizi, na kwamba alikuwa ametoka kutibiwa kwa wiki 6 katika kituo kimoja Marekani. Akiwa na miaka 24, umri ambao wachezaji wengi ndio kwanza wanaingia kwenye kilele, alikuwa tayari akijiuliza kama astaafu.

Kwa waandishi, mahojiano hayo yana mambo mawili ya kutafakari. Kuhusu kile kipande cha filamu, Alli alisema Mourinho alimwomba radhi wiki moja baadaye, ila radhi hiyo haikuonyeshwa. Mamilioni walioliona tusi hawakuiona radhi, na uchambuzi wa miaka mitatu ulijengwa juu ya nusu ya tukio. La pili ni sababu ya kuzungumza wakati ule: magazeti yalikuwa yameshapata fununu za matibabu yake na yalikuwa yakipiga simu kwa watu wake. Aliamua kusema mwenyewe kabla hajasemwa.

Je, kila kosa lina jeraha nyuma yake?

Hapana. Kijiwe kinaweza kupotoka upande wa pili kwa kasi ileile, na baada ya Julai 2023 kilifanya hivyo. Waliomwita mvivu walianza kusema kila alichofanya kilitokana na utoto wake. Video ya 2020 ilibaki kuwa kosa, na waliokosewa walistahili ile radhi. Wapo pia vijana wengi waliopitia magumu bila kuwadhihaki wengine.

Wala kujulikana kwa chanzo hakukurudisha kiwango. Mkataba wake na Everton uliisha Juni 2024 bila kuichezea tena klabu hiyo. Januari 2025 alisajiliwa na Como ya Italia, chini ya Cesc Fàbregas. Machi 15 aliingia dhidi ya Milan zikiwa zimebaki dakika chache, na kabla mechi haijaisha akaonyeshwa kadi nyekundu kwa rafu. Septemba mwaka huohuo mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Shabiki aliyesema kwamba mchezaji huyu hakuwa tena na msaada kwa timu yake alikuwa sahihi. Alikosea tu aliposema kwamba anajua kwa nini.

Brazil nayo ilikuwa na kesi ya namna hii. Julai 2004 Adriano aliisawazishia Brazil dhidi ya Argentina katika dakika za nyongeza za fainali ya Copa América, na kombe likapatikana kwa penalti. Siku chache baadaye baba yake alifariki. Pombe, kuchelewa mazoezini na hatimaye kuondoka Inter Milan mwaka 2009 vilijadiliwa miaka mingi kama ukorofi wa mtu aliyepata kila kitu. Mwenyewe baadaye aliandika kwamba msiba ule ulibadilisha uhusiano wake na mpira. Rafu zake za maisha zilionekana, msiba ulijulikana, lakini ni wachache walioviunganisha.

Mfano wa nyumbani: Feisal Salum

Kwetu, mjadala mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni kuhusu mchezaji kijana nje ya uwanja haukuhusu pombe wala starehe. Ulihusu mkataba. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliiaga Yanga baada ya kuiwekea klabu fedha akiamini amevunja mkataba. Yanga ikasema bado ni mchezaji wake halali, na Januari 2023 shirikisho la soka nchini, TFF, likaamua hivyohivyo. Mwezi Mei aliwaomba Watanzania wamchangie ili afikishe shauri CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo.

Mitaani, msimamo ulifuata rangi ya jezi. Kwa shabiki lialia wa Jangwani, yaani wa Yanga, alikuwa msaliti asiye na shukrani. Kwa wa Msimbazi, yaani wa Simba, aligeuka ghafla kuwa mnyonge anayeonewa. Kauli ya upande wake kwamba alikuwa akila ugali kwa sukari ikawa utani wa nchi nzima. Maswali ya msingi yalipata muda mdogo hewani: kipengele cha kuvunja mkataba kinasemaje, kinatumika lini, na nani alimshauri kijana huyo alipokuwa akisaini?

Juni 5, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Yanga Ikulu baada ya klabu hiyo kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliutaka uongozi ulimalize suala hilo. Siku chache baadaye Azam FC ikamnunua. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi, nyuma ya Stephane Aziz Ki wa Yanga pekee, aliyefunga 21. Waliotabiri kwamba amejimaliza walinyamaza, na hakuna kipindi kilichowarudisha studio kueleza utabiri wao ulitoka wapi.

Mkono wa vyombo vya habari

Desemba 2018 Raheem Sterling aliweka hadharani vichwa viwili vya habari kutoka gazeti moja la Uingereza, Daily Mail. Vyote vilihusu vijana wa Manchester City waliowanunulia mama zao nyumba. Kimoja, kuhusu Tosin Adarabioyo ambaye ni mweusi, kilisisitiza kwamba kijana huyo ametumia mamilioni ilhali hajawahi kuanza mechi ya ligi. Kingine, kuhusu Phil Foden ambaye ni mweupe, kilisimulia kijana anayejenga maisha ya mbele na kumkumbuka mama. Tendo lilikuwa moja. Msomaji wa kwanza aliondoka na picha ya mfujaji, wa pili akaondoka na picha ya mtoto mwema.

Shabiki anayebisha asubuhi kijiweni hakuyatunga hayo. Aliyasoma au aliyasikia. Redio zetu zina saa nyingi za michezo kila siku na mechi hazitoshi kuzijaza, kwa hiyo maisha ya mchezaji yanakuwa kitoweo. Mchambuzi anatupa dhana, msikilizaji anapiga simu kuikoleza, na jioni dhana hiyohiyo inarudi studio ikiitwa "taarifa tulizonazo".

Mapendekezo

Kwanza, kila mjadala utenganishe mambo matatu kwa kuyataja: lililoonekana uwanjani, lililothibitishwa na chombo au mtu mwenye mamlaka, na linalodhaniwa. Mtangazaji amkumbushe mchambuzi anapovuka mpaka, na amkumbushe msikilizaji vilevile.

Pili, habari za afya ya akili, uraibu na utoto wa mchezaji zisitangazwe bila ridhaa yake, hata kama zimevuja kutoka ndani ya klabu.

Tatu, akademi na timu za vijana ziwe na mtu wa ustawi wa jamii anayejua kila mtoto anaishi na nani na analelewaje. Waandishi waulize kuhusu mtu huyo kama wanavyouliza kuhusu kocha wa viungo.

Nne, habari za mikataba ziandikwe na mtu aliyesoma kanuni za usajili, na klabu ziulizwe kama mchezaji alikuwa na mwanasheria wake siku ya kusaini.

Tano, anayehukumiwa hewani apewe nafasi hewani. Mchezaji aliyejadiliwa wiki nzima kisha akarudi kwenye kiwango anastahili kipindi chenye urefu uleule.

Washiriki wanaombwa kuanza na pendekezo la kwanza. Halihitaji bajeti wala kanuni mpya, na kipindi cha kesho asubuhi kinaweza kulitekeleza.