Huzuni ya Wanaume Isiyoandikwa



Leo napenda kuwaeleza habari za kisiwa kimoja cha Sweden kiitwacho Gotland. Katika miaka ya 1983 na 1984 madaktari wa kawaida wa kisiwa kile walifundishwa namna ya kutambua ugonjwa wa sonona na kuutibu. Baada ya mafunzo hayo idadi ya watu waliojiua ilipungua sana, na kazi ile ikasifiwa. Lakini Dakta Wolfgang Rutz na wenzake walipozitazama hesabu tena, waliona jambo la kusikitisha: waliopungua walikuwa wanawake. Wanaume waliendelea kujiua karibu kama zamani.

Kwa nini? Wengi wa wanaume hao hawakujulikana hospitalini. Waliojuana nao ni polisi na maofisa wa ustawi wa jamii! Daktari alitazamia machozi na huzuni, hali sonona yao ilijitokeza kwa hasira, ugomvi na ulevi. Ndipo baadaye kikatungwa kipimo kingine kinachouliza mambo hayo.

Hapa ndipo lilipo tatizo la utafiti wa ushauri nasaha. Mtafiti huwahoji wanaofika kwa mshauri. Huko Uingereza, katika huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo, wanaume ni kama theluthi moja tu ya wanaopelekwa. Basi asiyefika hana mahali katika jedwali. Wako watakaosema kwamba elimu ya nafsi tangu awali iliandikwa na wanaume juu ya wanaume. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila mwanaume alifanywa kipimo cha binadamu wote, hakuulizwa habari za uanaume wake. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa mwongozo wa kuwahudumia wasichana na wanawake mwaka 2007. Wa wavulana na wanaume ukangoja hadi 2018.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kiwango cha wanaume kujiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Mtume s.a.w. alitokwa na machozi mbele ya watu alipofariki mwanawe Ibrahim. Sijui sisi tulijifunza kwa nani kumkemea mtoto wa miaka saba kwamba mwanaume halii.

Basi, wazee wangu, akija mtafiti mlangoni na karatasi yake ya maswali, msimwambie aingie ndani akaongee na mama watoto. Mpeni kiti, mjibu wenyewe.