Nani Aliyetunga Mlio Ule

Nimesikia minong'ono mlangoni: idara ya muziki imekosa nini cha kusema hata ije kutuhadithia milio ya vyombo vya anga kwenye televisheni ya zamani? Swali ni halali. Nitalijibu kupitia karatasi moja.

Karatasi hiyo ilikuwa na noti za muziki, ukurasa mmoja tu. Aliyeziandika ni Ron Grainer, mtunzi kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi London, na ziliandikwa kwa ajili ya tamthilia mpya ya BBC iitwayo Doctor Who, iliyoanza kuonyeshwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963. Palikuwa na mstari wa besi, palikuwa na sauti ya juu, na hapa na pale, mahali ambapo mtunzi angetaja filimbi au fidla, Grainer aliandika maneno kama mapovu ya upepo na mawingu. Kisha akawakabidhi watu wa BBC Radiophonic Workshop. Nitaiita Karakana, maana ndivyo ilivyokuwa.

Aliyeipokea kazi ni Delia Derbyshire, mwanamke wa miaka 26, mzaliwa wa Coventry, mhitimu wa hisabati na muziki wa Cambridge. Grainer aliporudi kusikiliza kilichotoka, inasimuliwa kwamba aliuliza kama kweli yeye ndiye aliyekitunga kitu kile. Derbyshire akamjibu kwamba sehemu kubwa, ndiyo. Grainer alikuwa muungwana: alitaka mama huyu apate sehemu ya mirabaha. BBC ikakataa. Derbyshire alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara, na kazi ya Karakana haikuhesabiwa kuwa utunzi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Katika tamthilia za aina hii, mpaka kati ya muziki na mlio haukuchorwa na sikio la mtu yeyote. Ulichorwa na ofisi za utumishi, vyama vya wanamuziki na wanasheria wa hakimiliki. Sisi wasomi tulikuja baadaye tukaupokea kama tulivyoukuta, tukaandika historia ya muziki wa karne ya 20 kwa kuangalia nani alisajiliwa kama mtunzi na nani hakusajiliwa.

Tuangalie basi kilichofanyika mezani, kwa sababu anayejua kazi yenyewe hawezi kuiita "kelele za mitambo".

Sintesaiza haikuwapo Karakana mwaka 1963. Kilichokuwapo ni mashine za kurekodia kwenye utepe wa sumaku, nyembe, gundi ya utepe, na vifaa ambavyo mafundi wa redio huvitumia kupimia mitambo, yaani osileta: kisanduku kinachotoa sauti moja isiyobadilika mpaka uzungushe kitufe. Besi ya wimbo ule ilianza na uzi mmoja uliodonolewa kwa kidole, ukarekodiwa mara moja. Noti nyingine zote za besi zimetokana na mdonoo huo. Ukiuchezesha utepe kwa kasi maradufu, sauti inapanda oktavu nzima na inadumu nusu ya muda wake. Ukitaka ipande nusu toni tu, unaongeza kasi kwa asilimia 6 hivi. Kwa hiyo kila noti ilikokotolewa, ikarekodiwa upya kwa kasi yake, ikapimwa kwa rula, ikakatwa kwa wembe, ikaunganishwa na jirani yake. Utepe ulikwenda kwa kasi ya sentimita 38 kila sekunde. Noti ya nusu sekunde ni kipande cha sentimita 19. Mtu anayejua hisabati hapo yuko nyumbani kwake.

Sauti ya juu, ile inayoteleza kana kwamba mtu analia kwa mbali, ilitoka kwenye osileta zilizozungushwa kwa mkono. Mapovu na mawingu ya Grainer yalitengenezwa kwa mvumo, ule unaousikia redio ikiwa katikati ya stesheni, ukachujwa mpaka ukabaki ukanda mwembamba wa sauti wenye umbo. Na mashine za kurekodi tabaka nyingi sambamba hazikuwapo Karakana. Kila tabaka lilikuwa kwenye utepe wake, na kuziunganisha kulimaanisha kuziwasha mashine kadhaa kwa mpigo mmoja na kuomba Mungu.

Dick Mills, fundi aliyemsaidia Derbyshire, amesimulia jinsi walivyogundua kwamba mahali fulani pana noti inayopishana na wenzake, wasiweze kujua ni ipi. Wakazikunjua tepe kwenye korido ndefu ya jengo la Maida Vale, ilipokuwa Karakana, zikalala sambamba sakafuni, wakatembea wakikagua kiungo baada ya kiungo mpaka wakafika pale ambapo kiungo kimoja hakikulingana na vya pembeni yake. Jengo lenyewe, kwa wanaopenda mambo hayo, lilijengwa kuwa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Waliokuwa wakikagua zile tepe walikuwa wakisoma noti za muziki kwa macho, hapo chini sakafuni, na bado kuna kitabu cha historia ya muziki rafuni kwangu kisichowataja hata kwa tanbihi.

Karakana haikuanzishwa na idara ya muziki ya BBC. Iliombwa na kupiganiwa, zaidi ya yote, na watu wawili waliokuwa wakihangaika na michezo ya redio: Daphne Oram, aliyejiunga na BBC mwaka 1942 akiwa binti mdogo wa kuendesha mitambo, na Desmond Briscoe wa upande wa maigizo. Ilifunguliwa mwaka 1958 ikiwa na vifaa vingi vilivyotupwa na idara nyingine. Kazi yake ilitajwa kuwa kuhudumia maigizo. Palikuwa hata na ushauri wa kitabibu kwamba watumishi wasikae humo zaidi ya miezi michache, wasije wakachanganyikiwa na milio. Oram hakukaa. Aliondoka mwaka uliofuata, akajenga studio yake Kent, akabuni mashine ya kuchora sauti kwenye filamu ya milimita 35. Waliobaki waliitwa wasaidizi, na skrini ilipotaja kazi yao, mara nyingi ilitaja Karakana bila jina la mtu.

Mlio wa TARDIS, kile chombo cha Doctor Who kinachosafiri ndani ya wakati, ni kazi ya Brian Hodgson. Alichukua ufunguo wa mlango wa nyumba ya mama yake, akauburuta juu ya nyuzi nene za piano kuukuu, akarekodi. Kisha utepe ukageuzwa, ukarudishwa ndani ya mashine mpaka mwangwi ukajirundika juu ya mwangwi. Sauti za Dalek, maadui waliotokea Desemba 1963, zilikuwa za waigizaji Peter Hawkins na David Graham, zikapitishwa kwenye saketi inayozidisha wimbi la sauti kwa wimbi jingine. Wimbi la pili lilikuwa la mitetemo 30 kwa sekunde. Sehemu ya sauti ya binadamu yenye mitetemo 200 hutoka ikiwa mbili, 170 na 230, na ile 200 yenyewe haipo tena. Ndiyo maana Dalek anasikika kama mtu aliyebakiwa na kivuli cha sauti yake. Waulizeni wanafunzi wangu wa akustika kama huo si upangaji wa toni.

Marekani mambo hayakuwa tofauti, ila huko aliyeshika kalamu alikuwa mwingine. Mwaka 1956 filamu ya Forbidden Planet ilitoka bila hata ala moja ya okestra. Louis na Bebe Barron, mume na mke wa Greenwich Village, New York, walikuwa wakijenga saketi kwa kufuata mawazo ya Norbert Wiener kuhusu mifumo inayojiendesha, wakizilazimisha zipokee umeme kupita uwezo wake mpaka zipige kelele na kuungua. Kila saketi ilikuwa na tabia yake, na ikishakufa hairudi. Wakaichukua milio hiyo, wakaipanga kwenye utepe kwa miezi. Ulipofika wakati wa kuandika majina, kwa kuogopa ugomvi na chama cha wanamuziki, neno muziki likaondolewa na mahali pake pakawekwa maneno yenye maana ya toni za kielektroniki. Filamu nzima ikawa na kila kitu isipokuwa, kwa maandishi, muziki.

Televisheni ilikuwa na ujanja wake. Wimbo wa The Twilight Zone unaojulikana duniani kote, zile noti nne za gitaa zinazojirudia, haukuwahi kutungwa kama wimbo mmoja. Marius Constant, mzaliwa wa Rumania aliyeishi Paris, alikuwa amerekodi vipande vifupi kwa ajili ya maktaba ya muziki ya kampuni ya CBS. Mtu huko ofisini akachukua viwili, akaviunganisha. Nani basi mtunzi wa kile kiungo katikati?

Kisha Star Trek, 1966. Sauti ya juu inayodhaniwa na wengi kuwa ya mashine ni ya mwanadamu, mwimbaji Loulie Jean Norman, ikachanganywa na ala. Mvumo wa chombo kinapopita mbele ya macho, mtunzi Alexander Courage aliutoa kwa mdomo wake mwenyewe. Mdomo ukawa injini, koo likawa mtambo, na hakuna aliyeuliza kama Courage ni mtunzi, kwa sababu mkataba wake ulisema hivyo. Lakini mkataba huohuo ulimruhusu Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia, kuandika maneno ya wimbo yasiyokusudiwa kuimbwa na mtu, ili adai nusu ya mirabaha ya utunzi. Akalipwa. Mwekeni Roddenberry kando ya Grainer: mmoja alilipwa kwa maneno yasiyosikika, mwingine alizuiwa kumgawia yule aliyetengeneza kila kinachosikika.

Nisije nikaonekana nasema haya yote yalizaliwa London na New York. Mtaala wetu bado unaanza habari za muziki wa sauti zilizorekodiwa na Pierre Schaeffer, Paris, 1948. Lakini mwaka 1944, Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi wanawake katika ngoma ya zar, ngoma ya pepo ambayo watu wa pwani hawatahitaji kuelezewa inahusu nini. Akarudi studio, akaondoa toni za msingi za sauti zile akabakiza toni za juu zinazozizunguka, akaongeza mwangwi. Ningependa mtaala urekebishwe mwaka huu, na nimeshawasilisha pendekezo.

Ninamtaja El-Dabh pia kwa sababu miaka zaidi ya 20 baadaye Derbyshire alifanya kazi iliyo jirani sana na ile. Aliagizwa kutengeneza muziki wa filamu ya BBC kuhusu Watuareg wa Sahara; matokeo yake ni Blue Veils and Golden Sands. Alikuwa na kifuniko cha taa cha bati, cha kijani, alichokipenda kwa mlio wake. Alikigonga, akachambua mlio huo kuwa toni zake, akateua 12 zenye nguvu zaidi, kisha akaujenga upya kwa osileta 12 za Karakana. Nyayo za ngamia ni sauti yake mwenyewe iliyokatwakatwa. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha kazi yake, kuliko hata Doctor Who, na ndicho kinachopigwa kidogo zaidi.

Mwaka 1972 Karakana ilijaribu kuutengeneza upya wimbo wa Doctor Who kwa sintesaiza kubwa iliyopachikwa jina la Delaware, kutokana na barabara ya hapo Maida Vale. Kazi iliyochukua wembe na rula sasa ingefanywa kwa swichi na vitufe. Toleo lilikataliwa, ingawa vipindi vichache vilivyouzwa Australia vilitoka nalo. Lilikosa nini? Nimelisikiliza sana. Noti zake zote zinaanza kwa namna moja. Katika toleo la 1963, kila noti ya besi ina kidole ndani yake, kidole kilekile kimoja, lakini kimenyooshwa au kubanwa na kasi ya utepe, hivyo noti za chini zinabisha polepole na za juu zinauma. Mashine mpya ilikuwa na toni sahihi na haikuwa na tofauti hizo. Ilibidi kusubiri hadi 1980 ndipo toleo la Peter Howell lichukue nafasi, na Howell alifanikiwa kwa sababu alilijenga kwa sintesaiza akifuata adabu ya utepe, noti moja moja, kila moja na mwanzo wake.

Karakana ilifungwa mwaka 1998, baada ya BBC kuanza kutaka kila idara ijilipie gharama zake. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Ndani ya nyumba yake zilikutwa tepe 267, ambazo leo zinatunzwa Manchester. Jina lake liliandikwa kwenye skrini ya Doctor Who kwa mara ya kwanza mwaka 2013, katika kipindi cha kuadhimisha miaka 50 ya tamthilia.

Wengi walishangilia wakasema haki imetendeka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 bado inampa mwajiri umiliki wa kazi ya mwajiriwa, na inaliondoa hata dai la kutajwa pale ambapo mwajiri ndiye mmiliki wa kwanza. Jina la 2013 lilikuwa hisani. Hisani huchagua, nayo ilichagua jina moja. Dick Mills, aliyezikata tepe zile pamoja na Derbyshire na kutembea naye kwenye korido ile, hakuongezwa. Hodgson na ufunguo wake wanatajwa kwenye vitabu vya mashabiki, ilhali mlio wake unarudi karibu kila kipindi, tena ukiwa na mwanzo, kilele na mwisho kuliko nyimbo nyingi tunazowapa wanafunzi wetu wachambue. Kuanzia muhula ujao nitawapa huo, na kwenye karatasi ya mtihani, panapoandikwa mtunzi, patakuwa na jina la Brian Hodgson.