Hesabu za mafumbo: kisa kwanza, tarakimu baadaye

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa elimu.)



Katika kisiwa cha Goziba, kilichomo ndani ya Ziwa Viktoria wilayani Muleba, uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Mitumbwi huondoka jua linapozama, taa huwashwa juu ya maji ili kuwavuta dagaa, na alfajiri mavuno huletwa mwaloni yakaanikwe. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga wake hushindana na mwanga wa taa. Mtoto wa mvuvi huyajua hayo yote kabla hajaingia darasa la kwanza.

Sasa mtoto huyo apewe darasani fumbo hili: mtumbwi uliondoka saa 12 jioni, ukarudi saa 11 alfajiri, ulikaa ziwani kwa muda wa saa ngapi? Wako watoto watakaoandika kwamba 12 kutoa 11 ni 1, kisha watulie. Wameona tarakimu mbili, wamechagua kutoa, na wametoa bila kosa. Hata hivyo, mtoto huyo huyo akiulizwa nje ya darasa hatakubali kamwe kwamba wavuvi walikwenda, wakawasha taa, wakavua na kurudi kwa saa moja tu, tena jioni ikageuka alfajiri. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili, saa za usiku huanza kuhesabiwa kutoka saa 12 jioni. Kwa hiyo inapofika saa 11 alfajiri, saa 11 zimekwisha kupita. Jibu lilikuwa limo ndani ya fumbo lenyewe. Kutoa mtoto anakujua; alichosahau ni kwamba fumbo lilizungumzia jambo la kweli.

Ugonjwa huu si wa kisiwa kimoja wala wa nchi moja. Nchini Ufaransa, karibu na mwaka 1980, watafiti wa mjini Grenoble waliwauliza watoto wa shule ya msingi swali la ajabu: ikiwa melini mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97 walioulizwa, watoto 76 walitaja umri wa nahodha kwa kuzichanganya tarakimu hizo. Walikuwa wamezoea kwamba kila fumbo la shule lina jibu, na kwamba jibu hupatikana kwa kufanya chochote na tarakimu zilizoandikwa.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana nchini Brazili. Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walieleza habari za watoto watano wa mji wa Recife waliokuwa wakiuza bidhaa ndogondogo. Walipoulizwa bei wakiwa kwenye biashara yao, majibu yao yalikuwa sahihi kwa kiasi cha 98 katika kila 100. Walipopewa mafumbo kwa mtindo wa shule, walipata kiasi cha 74. Na walipopewa tarakimu tupu, kiasi cha 37 tu. Ni dhahiri basi kwamba kisa si mzigo unaoongezwa juu ya hesabu. Kisa ndicho kinachombeba mtoto, mradi akifahamu na akiamini.

Hapana budi, kwa hiyo, kuacha mazoea ya kumfundisha mtoto kuwinda neno la ishara: akiona "jumla" ajumlishe, akiona "zilizobaki" atoe, akiona "zaidi" ajumlishe tena. Fumbo likisema kwamba Asha ana samaki 24, ambao ni 8 zaidi ya samaki wa Juma, kisha likauliza Juma ana samaki wangapi, mwenye kuwinda maneno ataandika 32. Aliyesoma kisa ataona kwamba mwenye samaki wengi ni Asha, na kwamba Juma ana 16.

Njia iliyo bora haihitaji vifaa vya gharama. Kwanza, kalamu ziwekwe chini. Fumbo lisomwe mara mbili, kisha mtoto alisimulie kwa maneno yake bila kutaja tarakimu hata moja: nani alifanya nini, na kinatafutwa nini. Palipo na watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, hapo ndipo mwalimu atakapogundua kama kizuizi ni hesabu au ni neno. Pili, kisa kichorwe ubaoni, au kipangwe kwa kokoto na vijiti. Tatu, mtoto akisie: je, jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko tarakimu zilizotajwa? Nne, ndipo akokotoe. Tano, alirudishe jibu ndani ya kisa na kujiuliza kama linawezekana. Utaratibu wa namna hii si mgeni duniani. Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, aliufafanua katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwa hatua nne: kuelewa, kupanga, kutenda, na kutazama nyuma.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo yenye uzito mkubwa. Tuseme watu 50 wanataka kuvuka, na kila mtumbwi unaruhusiwa kuchukua watu 8. Itahitajika mitumbwi mingapi? Mtoto aliyezoea tarakimu tupu huandika 6, baki 2. Lakini hao 2 ni watu. Ama wataachwa ufukoni, ama watasongamana katika chombo kilichokwisha kujaa, ama utatafutwa mtumbwi wa 7. Wananchi wa Kagera hawahitaji kukumbushwa maana ya chombo kupakia kupita kiasi, kwani tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kuliko uwezo wake, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Anayefundishwa tangu utotoni kuuliza "baki hii ni nani?" atauliza swali hilo hilo siku atakapokuwa nahodha, karani wa tiketi au abiria.

Itasemwa kwamba madarasa yamejaa. Ni kweli, tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na tena elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, watoto wengi wameandikishwa. Lakini watoto wakikaa wawili wawili wanaweza kusimuliana kisa hata darasa likiwa kubwa. Aidha, mafumbo mawili yaliyoeleweka yana faida kuliko kumi yaliyonakiliwa. Nao watumishi wanaokagua shule wasihesabu alama za vema peke yake. Wamwombe mtoto mmoja aeleze jibu lake lina maana gani.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya jamii yake. Katika somo la Hisabati, agizo hilo hutimizwa pale mwalimu wa Goziba anapowaambia wanafunzi watunge wenyewe mafumbo ya madebe ya dagaa, ya bei za mwaloni na ya saa za safari. Mtoto anayeweza kutunga fumbo la kweli hawezi kudanganywa na la uongo. Na akikua, mnunuzi mwenye mizani mbovu hatampunja kirahisi. Kazi hiyo yaweza kuanza katika kipindi cha kesho asubuhi, kwa kuziweka kalamu chini na kusikiliza watoto wakisimulia.