Ulinzi wa Fedha Uanze kwa Anayeituma



Rasi ya Fumba, kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, ilijulikana kwa miaka mingi kwa wavuvi wake, kwa mashamba ya mwani na kwa mashua zinazokwenda kisiwa cha Kwale. Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoitenga sehemu ya rasi hiyo kuwa eneo huru la uchumi katika miaka ya 1990, na hasa tangu majumba mapya yalipoanza kuinuka huko katika muongo wa 2010, mahali hapo pamekuwa njia panda ya fedha. Mzanzibari aliyehamia Maskati au London analipa fungu la nyumba yake bila ya kupanda ndege; mwenye kiwanda analeta mtaji kutoka ng'ambo; na mama wa Bweleo aliyeuza mwani wake anapokea malipo katika simu ya mkononi hata kabla miguu yake haijakauka maji ya chumvi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeziona noti zenyewe zikisafiri.

Kutuma thamani bila ya kubeba fedha si jambo geni katika mwambao huu. Maneno hundi na hawala ni ya zamani kuliko benki yoyote iliyopo Unguja leo. Katika karne ya 19 misafara mikubwa ya bara, ikiwamo ile ya Tippu Tip, iliondoka kwa mikopo ya matajiri wa mjini kama Tharia Topan. Lakini wakati ule ahadi ilipita baina ya watu waliojuana kwa sura na kwa ukoo, na safari ya karatasi ilichukua wiki au miezi. Mwenye shaka alikuwa na nafasi ya kuuliza. Leo amri ya malipo hupita katika sekunde chache baina ya watu ambao hawatakutana maisha yao yote. Kasi hiyo ni neema kubwa, lakini imemnyang'anya mtumaji muda wa kujirudi.

Yafaa ieleweke kwa nini fedha iliyokwishafika hairudishwi kwa kuombwa tu. Tangu mwaka 2004 Benki Kuu ya Tanzania inaendesha mfumo uitwao TISS, ambao kwa huo mabenki yanalipana papo hapo, malipo moja baada ya jingine, pasipo kungojea hesabu za jioni. Malipo yaliyokamilika humo ni ya mwisho. Hapana ubaya katika jambo hilo, maana ni nani atakayekabidhi funguo za nyumba ikiwa mnunuzi anaweza kuyatangua malipo kesho yake? Ila maana yake ni kwamba ulinzi wote hauna budi kutangulia. Baada ya hapo hubaki kuomba, kushitaki na kusubiri.

Mwizi wa siku hizi amelifahamu hilo vizuri kuliko wateja wengi. Havunji kasha, bali anasoma. Huingia kwa hila katika barua pepe za kampuni au za dalali, akanyamaza kimya, akafuatilia mazungumzo mpaka siku ya kulipa fungu la nyumba inapokaribia. Ndipo anapoleta barua: akaunti ya zamani imo katika ukaguzi, tafadhali lipeni katika hii mpya. Nembo ni ile ile, adabu ya maneno ni ile ile, kiasi ni kile kile. Kilichobadilika ni nambari ya akaunti tu. Mnunuzi aliyeko Maskati hulipa kwa moyo mweupe, na wiki ya pili huulizwa mbona hajalipa. Kinga ya hila hii haihitaji mtambo wowote. Ni kupiga simu kwa muuzaji kabla ya kulipa, kwa nambari iliyoandikwa katika mkataba wa kwanza na si ile iliyoandikwa katika barua mpya, na kuusikia uthibitisho kwa sauti ya mtu anayejulikana. Anayepiga nambari ya barua mpya atajibiwa na mwizi mwenyewe, tena kwa upole.

Ndugu yake mwizi huyo ni yule anayetawanya ujumbe wa simu usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Huyu hamjui mtu yeyote. Anatupa juya baharini akiamini kwamba katika maelfu ya watu atapatikana mmoja ambaye kweli amemwahidi mwenzake fedha siku hiyo. Na hapa yafaa kutaja jambo ambalo wananchi hawalithamini vya kutosha: simu ya mama wa Bweleo humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajabonyeza nambari yake ya siri. Huko Uingereza, kwenye mabenki ya karne nyingi, mteja aliyehamisha fedha aliandika jina na nambari, na kwa miaka mingi mitambo iliifuata nambari pekee. Mabenki makubwa yalianza kulinganisha viwili hivyo mwaka 2020. Basi kinga ipo mkononi mwa mwananchi, nayo hupotea bure pale anapobonyeza kwa haraka bila ya kulisoma jina.

Asidhani mtu kwamba wanaotegwa ni wanyonge na wasiosoma. Mwezi Februari mwaka 2016 wezi waliingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, na kwa jina la benki hiyo wakapeleka amri 35 za malipo kwa Benki ya Hazina ya New York, zenye jumla ya karibu dola milioni 951. Walichagua wakati wao kwa ujanja mkubwa: usiku wa Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa ni siku ya mapumziko Dhaka, na baadaye ikafuata Jumamosi na Jumapili ya New York. Mashine ya kuchapa taarifa za malipo ikaonekana mbovu, nayo kwa kawaida hudhaniwa ni ubovu tu. Dola milioni 81 zikafika Manila na kutawanyika. Dola milioni 20 nyingine zilizoelekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu neno la Kiingereza "foundation" lilikuwa limeandikwa "fandation", na mtumishi wa benki ya katikati akaona vibaya, akauliza. Programu na ngome za benki zilikwishapitwa. Aliyesimama ni karani aliyesoma herufi moja moja.

Kwa hiyo malalamiko dhidi ya makarani wa benki yanahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba mteja wa Fumba huulizwa mengi: fedha imetoka wapi, ni ya kazi gani, mkataba uko wapi. Maswali hayo yana msingi. Zanzibar ina sheria yake dhidi ya utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2009, na viwango vya kimataifa vinataka jina la mtumaji na la mpokeaji yasafiri pamoja na fedha. Biashara ya nyumba hupendwa na watakasaji, maana fedha chafu ikishageuka ukuta na paa huheshimika. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa cha FATF, na ikatolewa Juni 2025. Nchi ikiwa katika orodha hiyo, hata malipo halali yanaweza kucheleweshwa na mabenki ya nje yenye shaka. Hata hivyo, mabenki nayo yana lawama. Karani anayedai karatasi bila ya kueleza sababu humfundisha mteja kuiona sheria kuwa usumbufu, na mteja wa namna hiyo hutafuta njia za uchochoroni.

Hatari kubwa zaidi imo maofisini na katika vikundi vya ushirika. Kanuni ni kwamba mmoja aandike amri ya malipo na mwingine aihakiki. Mwenyekiti anapompa kijana wa ofisini neno lake la siri kwa kuwa yeye yuko safarini, watu wawili wamegeuka mmoja. Na bosi anayepiga simu akisema "tuma sasa, karatasi baadaye" anamweka mhasibu katika mtihani, kwani hata mwizi husema hivyo hivyo. Mhasibu anayekataa amri ya namna hiyo apewe ulinzi wa ofisi, asitishwe kwa kuhamishwa.

Na ikiwa fedha imekwishakwenda kwa mwizi, kitu cha thamani ni saa ya kwanza. Mtumaji aijulishe benki au kampuni ya simu mara moja ili mpokeaji azuiliwe kabla hajatoa, kisha aende polisi na kumbukumbu ya muamala. Ujumbe wenyewe wa kitapeli usifutwe. Upelekwe kwa nambari 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na nambari ya simu iliyouleta.